Akili Baada ya Pombe: Mwongozo wa Mwaka wa Kwanza kwa Aliyeacha na kwa Nyumba Inayoishi Naye

Mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi anapoacha, pombe huisha katika damu yake ndani ya siku moja hivi, mikono huacha kutetemeka ndani ya wiki moja au mbili, na uvimbe wa uso huanza kushuka kabla mwezi haujaisha. Watu wa nyumbani humtazama wakasema amepona. Kisha anatumwa soko la Majengo na shilingi elfu ishirini, anarudi bila chumvi na bila kujua chenji imekwenda wapi. Usiku hapati usingizi. Asubuhi anagombana na watoto kwa sababu ya kijiko kilichoanguka. Hapo minong'ono huanza kwamba huyu bado anakunywa kwa siri. Mara nyingi hanywi. Kinachoonekana ni ubongo ambao haujamaliza kujirekebisha, na kazi hiyo huchukua miezi. Mwongozo huu unafuata kalenda ya ubongo kwa sababu kosa ninaloliona kubwa kuliko mengine katika nyumba za hapa Dodoma ni kuipima akili kwa saa ya mwili.

Ni vyema kwanza kuelewa kinachotokea kichwani, maana bila hilo ushauri wote utaonekana kama masharti matupu. Ubongo una mifumo miwili inayovutana, mmoja wa kutuliza na mwingine wa kuchangamsha. Pombe huuongezea nguvu ule wa kutuliza na kuukandamiza ule wa kuchangamsha. Anayekunywa kila siku, ubongo wake hujitetea kwa kuwa mgumu kutulizwa na mwepesi kuchangamka, na ndiyo sababu mnywaji wa siku nyingi anaweza kusimama na kuzungumza sawasawa baada ya kunywa kiasi ambacho kingemwangusha mgeni wa pombe. Siku pombe inapoondolewa ghafla, mchangamko ule hubaki bila mpinzani. Kutoka humo huja kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, hofu isiyo na sababu, na wakati mwingine kifafa. Mchangamko mkali hushuka ndani ya siku chache, lakini mabaki yake, yaani usingizi mbovu, hasira za karibu, wahaka na ukungu wa mawazo, hukaa kwa wiki nyingi na kwa baadhi ya watu kwa miezi.

Hatua ya kwanza: usiache ghafla ukiwa peke yako

Kama mtu huzimua kila asubuhi ili mikono itulie, au aliwahi kupata kifafa au kuweweseka alipokosa pombe, asijifungie chumbani akasema leo ndiyo mwisho. Amwone daktari kwanza. Dalili za kukosa pombe huanza kati ya saa 6 na saa 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Kifafa hutokea zaidi ndani ya siku mbili za mwanzo. Na hali mbaya kuliko zote, ile ya kuchanganyikiwa, homa, na kuona wadudu au watu wasiokuwepo, huanza mara nyingi siku ya pili hadi ya nne. Hali hiyo ya mwisho huua ikiachwa bila matibabu. Hospitalini mgonjwa hupewa dawa za kutuliza ubongo kwa siku chache, kwa vipimo vinavyopunguzwa hatua kwa hatua, pamoja na maji na vitamini.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kila mara mtu anapoacha kwa ghafla kisha akarudia kunywa sana, kuacha kwa mara inayofuata huelekea kuwa kugumu zaidi, kwa sababu ubongo hujifunza kuchangamka kwa haraka. Kwa hiyo maneno kama "mwaka juzi niliacha siku tatu tu nikawa sawa" si dhamana ya usalama wa mwaka huu.

Huduma zipo karibu kuliko watu wanavyodhani. Mkoani kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa, na kuna Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyopo mjini Dodoma tangu 1927. Jina la Mirembe limegeuzwa kuwa tusi la nchi nzima, na mtu akisema jambo la ajabu huulizwa kama ametoroka huko. Mzaha huo una gharama, kwa kuwa wapo wanaoogopa kuonekana wakishuka kwenye daladala mbele ya geti kuliko wanavyoogopa kifafa. Aliye na aibu hiyo anaweza kuanzia zahanati au kituo cha afya cha kwao na kuomba rufaa. Aliye Kongwa, Bahi, Chamwino au Mpwapwa aanzie hospitali ya wilaya badala ya kusubiri nauli ya kuja mjini.

Hatua ya pili: vitamini B1 kabla ya jambo jingine lolote la akili

Hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa ndipo akili inapoweza kuokolewa au kupotea moja kwa moja. Ubongo hutumia vitamini B1, iitwayo thiamini, ili kuchoma sukari na kupata nguvu. Akiba yake mwilini ni ndogo, ya wiki chache tu, na mnywaji huipoteza kwa njia kadhaa kwa pamoja: hali chakula cha kutosha, utumbo wake haufyonzi vizuri, ini lake halihifadhi ipasavyo. Ikipungua sana, sehemu za ndani za ubongo huanza kufa. Mjerumani Carl Wernicke alieleza ugonjwa huo mwaka 1881: kuchanganyikiwa, macho kushindwa kutembea sawasawa au kuona vitu viwili viwili, na mwendo wa kupepesuka. Mrusi Sergei Korsakoff alieleza miaka michache baadaye kile kinachobaki usipotibiwa, yaani kumbukumbu iliyokatika, ambapo mtu hawezi kushika jambo jipya hata kwa dakika chache.

Ubaya wa dalili hizo ni kwamba zinafanana na ulevi. Mtu anayepepesuka na kuropoka nje ya kilabu cha pombe za kienyeji hakuna anayemwita mgonjwa. Ataachwa alale hapo hadi kesho. Kanuni ninayopendekeza ni nyepesi: mtu ambaye hajanywa tangu jana lakini bado anapepesuka, au macho yake yanacheza, au hajui ni siku gani, apelekwe hospitali leo hii. Thiamini hupewa kwa sindano, kwa sababu utumbo wa mnywaji hauwezi kutegemewa, na inapaswa kutangulia au kuambatana na dripu ya glukosi, kwani sukari nyingi inayoingia kwenye ubongo usio na B1 inaweza kuongeza madhara. Ndugu anayempeleka mgonjwa asione haya kumweleza daktari waziwazi: "Huyu ni mnywaji wa miaka mingi, hajala vizuri kwa wiki kadhaa." Sentensi hiyo inaweza kubadili matibabu yote.

Baada ya hatari kupita, chakula kinachukua nafasi yake, na hapa watu wa kati ya nchi tuna bahati. Ugali wa uwele au mtama usiokobolewa una B1 zaidi ya sembe nyeupe, kwa sababu vitamini hiyo imo katika ganda na kiini cha punje, ambavyo mashine ya kukoboa huviondoa. Anayekula mahindi achague dona. Kunde, choroko, njugumawe, karanga na mbegu za alizeti huongeza. Mlenda uliotiwa karanga pamoja na ugali wa uwele ni mlo wa kupona, ingawa mjini siku hizi watu huuonea aibu mbele ya wageni. Daktari akiandika vidonge vya vitamini, vimezwe mpaka mwisho, wala visiachwe pale hamu ya kula inaporudi.

Wapo watakaosema kwamba ujimbi, pombe yetu ya kienyeji, nao umetokana na nafaka ileile, kwa hiyo ni chakula. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, maana pombe ya nafaka isiyochujwa hubeba baadhi ya vitamini, lakini kileo chenyewe huzuia utumbo kuzifyonza, na mnywaji akishashiba ujimbi hali. Wengine hujitetea kwa mvinyo wa zabibu zetu, eti ni kinywaji cha heshima. Ubongo hausomi lebo. Unachokihesabu ni kiasi cha kileo, kiwe kwenye kata, kwenye bilauri au kwenye vile viroba vilivyopigwa marufuku mwezi Machi 2017. Gongo ina hatari ya ziada, kwa sababu ile iliyochanganywa na methanoli inaweza kupofusha na kuua hata kwa kikao kimoja.

Hatua ya tatu: usisingizie pombe kwa kila kitu

Si kila kuchanganyikiwa kwa mlevi kunatokana na pombe. Mnywaji huanguka mara kwa mara, na damu inaweza kuvuja taratibu chini ya fuvu na kuleta usingizi mzito, maumivu ya kichwa na udhaifu wa upande mmoja wiki kadhaa baada ya anguko ambalo kila mtu ameshalisahau. Malaria, sukari kushuka, ini kushindwa na nimonia huweza kuleta picha hiyohiyo. Kwa hiyo akili inayozidi kuharibika badala ya kutengemaa inahitaji vipimo. Wanaodhani mtu amerogwa nao wampeleke apimwe kwanza. Mambo mengine yanaweza kusubiri, damu iliyovuja kichwani haisubiri.

Hatua ya nne: mwezi wa kwanza, usijihukumu

Katika mwezi wa kwanza mtu hujiona hana thamani, halii wala hacheki, na vitu alivyovipenda havina ladha tena. Ubongo uliozoea kupokea furaha kutoka kwenye chupa umepunguza usikivu wake, nao huchukua muda kuisikia tena furaha ndogo ya kawaida, kama ile ya kuota jua la asubuhi wakati wa kipupwe. Sonona ya namna hii, iliyoletwa na pombe yenyewe, kwa watu wengi hupungua sana kati ya wiki ya pili na ya nne bila dawa ya sonona. Ndiyo sababu daktari makini huweza kusubiri takribani wiki nne za kutokunywa kabla ya kuamua kama kuna ugonjwa mwingine unaojitegemea. Ikifika hapo bila nafuu, arudi kliniki aseme hivyo. Pengine sonona ilikuwapo kabla ya pombe, na pombe ndiyo iliyokuwa dawa yake mbaya.

Lipo jambo moja lisilosubiri wiki nne. Mtu akisema amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Katika nyumba za wakulima, viuatilifu na dawa zote zitolewe nyumbani zihifadhiwe kwa jirani anayeaminika. Kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kwanza ya kulitua.

Usingizi ndio utakaochelewa kuliko vyote, na kwa baadhi ya watu hauwi mzuri hadi miezi mingi ipite. Pombe humlaza mtu haraka lakini huvunja usingizi wa usiku wa manane, na ubongo unapojipanga upya mtu huamka saa tisa usiku na ndoto kali, zikiwemo ndoto za kunywa zinazomfanya aamke akijinusa mdomo. Ndoto hizo si dalili kwamba amekwisha kushindwa. Saa ya kuamka iwe moja kila siku, hata kama hakulala. Chai ya rangi na kahawa viishie adhuhuri. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa. Asinunue diazepamu duka la dawa kwa kushauriwa na rafiki. Dawa hiyo hufanya kazi palepale pombe ilipokuwa ikifanya, hivyo ni rahisi kuhama kutoka uraibu mmoja kuingia mwingine, na ikichanganywa na pombe inaweza kusimamisha pumzi.

Hatua ya tano: kuizoeza akili, kuanzia mwezi wa pili

Kumbukumbu na umakini hurudi kwa kasi zaidi katika wiki za mwanzo, kisha kwa mwendo wa polepole kwa miezi, na picha za ubongo za watu walioacha huonyesha kwamba sehemu ya ujazo uliopotea hurejea. Kinachochelewa ni uwezo wa kupanga, kuhesabu hatua na kujizuia. Kwa sababu hiyo fundi aliyeacha pombe miezi miwili iliyopita anaweza kupiga randa vizuri kama zamani, kwa kuwa mikono inakumbuka, lakini akashindwa kukadiria mbao za paa zima. Asione kwamba ufundi umekufa. Apewe kazi ya mikono kwanza, ya makadirio baadaye, na kwa miezi ya mwanzo asipande juu ya paa wala kuendesha bodaboda usiku, hasa kama aliwahi kupata kifafa.

Njia ninayoiamini kuliko vidonge vinavyouzwa mitandaoni eti vya kuongeza akili ni daftari la shilingi mia chache. Jioni mtu aandike mambo matatu ya kufanya kesho, si kumi. Asubuhi ayasome kwa sauti. Kila linapokamilika alipige mstari. Akienda sokoni aandike bei na chenji palepale, hata kama muuza nyanya atacheka. Pembeni aandike saa alizolala na kama alinywa au hakunywa. Daftari hilo hufanya kazi mbili: linabeba kile ambacho kumbukumbu haijaweza kukibeba, na baada ya wiki nane linampa ushahidi wa mwandiko wake mwenyewe kwamba anasonga mbele, jambo ambalo hisia zake bado zinamkatalia.

Kutembea kwa haraka nusu saa kila siku husaidia usingizi na hali ya moyo. Kusoma kwa sauti, kucheza bao, kujifunza wimbo mpya wa kwaya, yote hayo ni mazoezi. Bao lina faida ya pekee kwa sababu linahitaji kuhesabu mbele na kungoja, mambo mawili ambayo pombe huyaharibu zaidi, ila lisichezwe kwenye baraza la kilabu.

Kwa anayesumbuliwa na kiu ya pombe, madaktari wanazo dawa kama naltreksoni na akamprosati zinazopunguza hamu. Disulfiramu ni ya aina tofauti: humfanya anayekunywa pombe juu yake ajisikie vibaya sana, na inaweza kuhatarisha moyo. Mke asimwekee mumewe dawa hiyo kwenye uji kwa siri, hata akishauriwa na mtu mwenye nia njema.

Hatua ya sita: kalenda ya mavuno

Huku kwetu vishawishi vina msimu. Mvua huisha mwezi wa nne, uwele na mtama huvunwa, na nafaka mpya huleta pombe mpya; baada ya mavuno hufuata sherehe, jando na harusi. Mtu aliyeacha wakati wa masika, fedha zikiwa hazipo, atakutana na jaribio lake la kweli mwezi wa saba, akili yake ikiwa bado changa katika kujizuia. Mpango uandaliwe mapema, ukiwa na majibu ya maswali kama haya: fedha za mazao zitapokelewa na nani, nani atakaa naye kwenye sherehe hadi mwisho, na atawahi kuondoka saa ngapi. Mzee akimpa kata kwa heshima, jibu fupi linatosha: "Shikamoo mzee, hospitali wamenikataza." Hakuna haja ya kusimulia historia yote.

Akiteleza, asisubiri Jumatatu. Aache siku hiyohiyo, amwambie mtu mmoja, aandike kwenye daftari ilikuwa wapi, saa ngapi na pamoja na nani. Kama kunywa kumeendelea kwa siku kadhaa mfululizo, arudi hatua ya kwanza, kwa daktari, badala ya kukata ghafla.

Nyumbani nako kuna lugha ya kuepuka. Kumwita mlevi mbele ya watoto, kumnusa mdomo kila anapoingia, kumkumbusha madeni wakati wa chakula cha usiku, yote huamsha wahaka uleule ambao aliuzima kwa pombe. Hasira ya mke aliyevumilia miaka kumi ni halali, na ina haki ya kusikilizwa na mshenga, mchungaji, imamu au mshauri. Ila isimwagwe saa tatu usiku juu ya mtu ambaye ubongo wake haujajua kupumzika.

Ikiwa kumbukumbu haikurudi

Wapo ambao baada ya miezi sita au mwaka bado wanauliza swali lilelile mara nne kwa saa moja. Wengine husimulia safari ya jana kwenda Manyoni ambayo haikuwepo. Huo si uongo. Ubongo uliopoteza kumbukumbu hujaza pengo kwa vipande vya zamani, na msimulizi mwenyewe anaamini anachokisema, kwa hiyo kubishana naye kunamchosha yeye na nyumba nzima. Baadhi yao huendelea kupata nafuu hata baada ya mwaka, wengine hubaki nusu. Kliniki ya afya ya akili iendelee kumwona, na kutokunywa kubaki sharti, kwa kuwa kila tone linalofuata hula kilichobaki.

Nyumba ya mtu kama huyo hupangwa kwa mazoea: sufuria, viatu na funguo vikae mahali pamoja siku zote, kazi zifanyike kwa mpangilio uleule, dawa zitolewe na mtu mmoja. Fedha kubwa zisikae mikononi mwake, lakini abaki na za kununulia vocha au mkate, kwani kunyang'anywa kila kitu humrudisha kwenye hasira. Kwenye mfuko wa shati awe na karatasi iliyoandikwa jina lake, jina la mtaa na namba ya simu ya ndugu, na ndugu huyo aifue shati hiyo kwa uangalifu, maana karatasi ikilowa atalazimika kuandika nyingine kabla hajatoka tena.